Muzigo Mwepesi Haununuliwi ku Duka



Tangu orodha ya vitu vya safari ya mwezi wa saba ibandikwe ku ubao karibu na ofisi, maneno ni mengi mu enternat. Orodha ile inaomba kila mwanafunzi mwenye kutembea siku nne juu ya uwanda wa Kundelungu awe na sakado ya duka, botini za ngozi na fuko la kulalia la kununua. Wenye feza wameanza kuwaandikia wazazi. Wengine wanasema: «Bure tu, sisi tutabakia ku masomo.» Nimesikia maneno hayo mu vilasi zaidi ya kimoja, na kutoka kwa wanafunzi wenye kujua kutembea kuliko mimi.

Mawazo yangu ni haya: orodha ile inaanza pahali pabaya. Inauliza, «Uko na nini cha duka?» Ingefaa iulize, «Muzigo wako ni kilo ngapi, na uliujaribu wapi?» Maulizo haya mawili, mutoto wa mukulima anaweza kuyajibu sawa na mutoto wa mukubwa.

Tufanye hesabu kidogo. Watu wenye kuzoea kutembea mbali wanashauri kwamba muzigo wa siku nyingi usipite sehemu moja kwa tano ya uzito wa mwili. Mwanafunzi wa kilo 50 atabeba basi kilo 10, si zaidi. Litri moja ya maji ni kilo moja. Akibeba litri 2, tayari ni kilo 2. Chakula kikavu cha gramu 650 kwa siku, kwa siku nne, ni kilo 2 na gramu 600. Inabakia kilo 5 na gramu 400 kwa vitu vingine vyote: mufuko, bulangeti, nguo, sufuria. Sasa tazama mudogo wetu wa kilo 38. Kipimo chake ni kilo 7 na gramu 600. Akitoa maji na chakula, inabakia kilo 3 tu. Na kuna sakado za turubai nzito na vyuma zenye kupita kilo 2 zikiwa tupu! Tukimununulisha sakado kama ile, tumemujaza mbele hajatia hata sabuni ndani.

Kinyume chake, mufuko wa unga wa kilo 25, ukiwa tupu, haufiki gramu 200. Ukishonewa mikanda miwili mipana ya kitambaa, yenye kukunjwa mara mbili ili isikate mabega, unakuwa sakado. Nani kati yetu hana mama, dada ao ndugu mwenye kujua kushika sindano?

Wengine watacheka: safari kubwa na mufuko wa unga? Wasikilize habari ya mama mumoja wa Marekani, Emma Gatewood. Alizaliwa mwaka wa 1887 na alizaa watoto 11. Mu mwaka wa 1955, akiwa na miaka 67, alitembea peke yake njia ndefu ya milima ya Appalachian, tangu Georgia mpaka Maine, karibu kilometa 3 300. Hakuwa na tente, hakuwa na fuko la kulalia. Alibeba begani mufuko alioushona mwenyewe, pamoja na bulangeti, na pazia la plastiki la bafu kwa kujifunika mvua. Ku miguu alivaa viatu vya kitambaa, na pea moja ikiisha alivaa ingine. Alifika mwezi wa tisa, nyuma ya karibu miezi mitano. Kiisha alirudilia njia ile yote mu mwaka wa 1957, na tena akaimaliza mu 1964.

Lakini tusisome habari ile nusu. Mama Gatewood alikwisha kujaribu mu mwaka wa 1954. Safari ile alipotea njia, miwani yake ikavunjika, akarudishwa. Alipoondoka tena mwaka uliofuata, alijua kitu gani kinamufaa na kitu gani ni uzito bure. Wepesi wake haukutoka ku umasikini tu. Ulitoka ku kujaribu.

Hata karibu na kwetu kuna somo. Mu mwaka wa 1986, wataalamu waliandika mu gazeti la sayansi Nature kwamba walipima wanawake wa Kenya, Waluo wenye kubeba ku kichwa na Wakikuyu wenye kubeba kwa mukanda wa ku paji la uso. Waliona kwamba mama hao waliweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Vipimo vingine vya nyuma, huko Afrika ya Kusini, havikukuta vile kwa kila mutu. Hata hivyo jambo moja ni wazi: mazoezi na namna ya kufunga muzigo vina bei kuliko jina la fabrika. Mama zetu wenye kutoka shambani kila jioni wangeweza kutufundisha kufunga muzigo, kama tungekuwa na akili ya kuwauliza.

Kitu cha pili: vitu vichaguliwe kwa kufuata pahali tunapoenda. Mwezi wa saba kwetu ni wakati wa kiangazi. Mvua ni kama hakuna. Basi makoti mazito ya mvua yabakie. Kipande chepesi cha plastiki kinatosha. Lakini usiku baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na upepo wa uwanda hauna huruma. Inaomba bulangeti ya sufu kama iko, maana sufu inapasha moto hata ikilowana kidogo. Pamba ikilowana na jasho inakuwa baridi. Tusisahau ya chini: mutu akilala juu ya udongo mutupu, baridi inamuingia kutoka chini, hata akijifunika bulangeti mbili. Mukeka, kartoni kavu ao majani makavu chini ya mugongo yanasaidia sana, na kartoni haina uzito.

Maji ndiyo yatatusumbua. Wakati wa kiangazi vijito vinapungua. Hata maporomoko ya Lofoi, yenye kuanguka zaidi ya mita 300, yanakuwa membamba. Kwa hiyo hakuna ruhusa ya kupunguza uzito kwa kuacha bidoni. Vilevile dawa, mustikere, torshi na sufuria ya kuchemshia maji si vitu vya kuacha. Mwenye kuacha dawa ili muzigo uwe mwepesi, wenzake watamubeba yeye mwenyewe, na yeye ni kilo ngapi?

Juu ya viatu, wataalamu wamepima na kuona kwamba uzito wa ku miguu unachosha mara nne ao zaidi kuliko uzito uleule ku mugongo. Muguu unanyanyuliwa maelfu ya mara kwa siku. Botini mpya za ngozi, zilizonunuliwa juma moja mbele ya safari, ni nzito na zinatoboa visigino. Kiatu chepesi kilichozoea muguu, chenye soli nzima, kinashinda. Kiatu chenye soli ya kuachana, hapana, hata kikiwa chepesi namna gani.

Chakula nacho kipimwe. Kilo moja ya karanga kavu ina kalori zaidi ya 5 500. Kilo moja ya viazi vitamu vibichi haifiki 1 000, maana sehemu kubwa ni maji. Karanga, unga wa bukari na samaki kavu: kwa safari hii hatuhitaji mikebe ya duka.

Ninajua neno moja ambalo walimu wetu watasema, na ni neno la haki. Watasema: «Mufuko wa kushona utapasuka njiani, na ni sisi tutajibu mbele ya wazazi.» Ni kweli, unaweza kupasuka. Lakini mukanda wa sakado ya bei kali unaweza kukatika pia, na mwenye sakado ile hatajua mpaka siku ya pili, mbali na barabara. Feza haziondoi hatari ile. Majaribu ndiyo yanaiondoa. Sote tunajua habari ya Daudi: alivua silaha za mufalme, si kwa sababu zilikuwa mbaya, lakini kwa sababu hakuzijaribu.

Kwa hiyo ninaomba Bwana Prefe na komite wabadilishe orodha, na kuweka majaribu matatu pahali pake.

La kwanza, balansi ya depo. Siku ya posho moja kila mutu alete muzigo wake wote, upimwe mbele ya wengine, na kilo ziandikwe mu kaye. Mwenye kupita kipimo chake atoe kitu.

La pili, njia. Siku ya posho ya kufuata, tutembee kilometa 15 na muzigo mzima, maji ndani. Mushono wa kupasuka upasuke siku ile, karibu na nyumbani.

La tatu, usiku. Tulale usiku mumoja mu kiwanja cha shule na vitu vilevile tu. Mwenye kutetemeka saa tisa ya usiku atajua kitu kinachokosekana, na kitanda chake kiko karibu.

Mwenye kushinda majaribu matatu aende, hata kama mufuko wake umeandikwa «unga wa mahindi». Mwenye kushindwa arekebishe ajaribu tena, hata kama sakado yake ilitoka Ulaya.

Neno la mwisho ni kwa sisi wakubwa wa kilasi cha mwisho. Mu safari nyingi, mukubwa anatembea na kijiti mukononi, na mudogo wa kilasi cha chini anabeba muzigo wa watu wawili. Ile si muzigo mwepesi. Ni muzigo uleule ku mugongo wa mwingine. Kaye ya balansi itaonyesha jina na kilo za kila mutu, na asubuhi ya kila siku njiani tutaisoma tena. Sufuria kubwa zitabebwa na wenye kilo nyingi za mwili, na jina langu liandikwe la kwanza.

Egzame ya Leta itatutenganisha karibuni, kila mutu na njia yake. Safari hii ni ya mwisho kwetu kutembea pamoja. Haifai mutu abakie nyuma kwa sababu ya sakado.

Kapita wa wanafunzi, kilasi cha mwisho