Shahada Gani Imfaayo Atakaye Urubani?

Hapa Juba ndege si kitu kigeni. Uwanja umo mjini, na ngurumo za ndege twazisikia hata tukiwa darasani. Kwa hiyo si ajabu kwamba kila darasa lina kijana asemaye, "Mimi nitakuwa rubani." Nia hiyo ni njema. Nchi yetu ni pana, barabara za lami ni chache, na masika yakishika, miji mingi haifikiwi ila kwa ndege au kwa mashua. Marubani twawahitaji. Lakini baada ya nia huja swali lisumbualo wengi wamalizapo shule: "Nikasome shahada gani?"

Jibu langu ni fupi. Shahada haimrushi mtu. Leseni ndiyo imrushayo. Kwa hiyo atakaye urubani na achague shahada ambayo itamlisha hata kama hataruka kamwe.

Kwanza tutazame sheria. Masharti ya kimataifa ya leseni ya rubani wa biashara ni haya: awe ametimiza miaka 18, awe amepimwa na daktari aliyeidhinishwa, akaonekana mzima wa macho, masikio, moyo na akili, awe ameshinda mitihani ya elimu ya anga, awe anajua Kiingereza cha kutosha kuzungumza kwa redio na waongozaji wa ndege, na awe ameruka saa 200, au 150 akisoma kozi moja ya mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Atakaye kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria hutakiwa awe na miaka 21 na saa 1,500. Katika masharti hayo yote, shahada haimo.

Ni kweli kwamba mashirika mengine huipenda shahada, na yako yaliyoidai. Lakini hata Marekani, ambako mashirika makubwa yalizoea kutaka shahada ya miaka minne, shirika la Delta liliacha kuilazimisha mwaka 2022. Ni kweli vilevile kwamba huko Marekani aliyesoma shahada ya urubani katika chuo kilichokubaliwa aweza kupata leseni ya mashirika kwa saa 1,000 badala ya 1,500. Hiyo ni faida kwa atakayefanya kazi huko. Wengi wetu haituhusu.

Hapa ndipo penye hatari ninayotaka kuwaonya. Ziko shahada zenye neno "anga" katika jina lake, mathalan shahada ya usimamizi wa usafiri wa anga. Ni elimu nzuri: hufundisha uendeshaji wa viwanja, hesabu za mashirika, sheria na biashara. Lakini mwanafunzi aweza kuimaliza miaka yote bila ya kushika usukani wa ndege hata siku moja. Jamaa wakiuza ng'ombe wao wakidhani wanamsomesha rubani, kisha kijana akarudi na shahada bila leseni, hasara hiyo italipwa na nani? Kabla ya kulipa hata shilingi moja, kiulizeni chuo maswali matatu: Kozi hii ina saa ngapi za kuruka? Mwisho wake ni leseni gani? Na leseni hiyo hutolewa na serikali ya nchi gani? Chuo kisichojibu waziwazi, kiacheni.

Urubani wenyewe husomwa katika vyuo vya urubani, navyo haviko mbali. Uganda kuna chuo cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Nasi sasa tu wanachama wa Jumuiya ya leo tangu mwaka 2016. Addis Ababa kuna chuo cha Shirika la Ndege la Ethiopia. Nairobi, katika uwanja wa Wilson, kuna shule kadhaa. Bibi Irene Koki Mutungi wa Kenya alianzia hapo Wilson, akaendelea Marekani, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa nahodha wa Boeing 787. Basi wasichana nao wasiambiwe kwamba kazi hii si yao.

Mtu ataniuliza: "Kama shahada haimrushi mtu, basi ya nini?" Swali ni la haki, nami nitalijibu kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni afya. Leseni ya rubani hutegemea mwili wake. Hupimwa angalau mara moja kila mwaka, na siku daktari aonapo moyo umeharibika au kifafa kimeingia, kazi imekwisha, ingawa mtu mwenyewe angali kijana mwenye watoto wa kusomesha. Ya pili ni biashara yenyewe. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozuka, ndege zililazwa viwanjani ulimwenguni kote, na maelfu ya marubani hodari wakaachishwa kazi bila kosa lolote. Mwenye elimu nyingine alishika kazi nyingine akangoja. Asiyekuwa nayo alitazama leseni yake ukutani. Akiba haiozi.

Sasa ni shahada gani? Kwa mwenye akili ya sayansi, naipa nafasi ya kwanza shahada ya uhandisi, hesabu, fizikia, kompyuta au elimu ya hali ya hewa. Elimu hizo zina ajira ardhini na zina msaada angani. Chukueni mfano wa hapa petu. Wakati wa kiangazi joto la Juba hupita nyuzi 35. Hewa ya joto ni nyepesi. Mbawa hupata nguvu kidogo ya kuinua, injini nayo hudhoofika, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi kabla ya kupaa. Shehena iliyobebeka vyema alfajiri huenda ikawa hatari adhuhuri. Rubani asiyeelewa kwa nini iwe hivyo atashindwa kumkatalia mwenye mzigo amwambiaye, "Ongeza magunia matatu tu." Tarehe 4 Novemba 2015 ndege ya Antonov ilianguka karibu na mto mara baada ya kuondoka Juba, wakafa watu zaidi ya 30. Msiba huo watukumbusha kwamba kazi hii si kofia na sare tu. Ni dhamana ya roho za watu.

Tena nchi haihitaji marubani peke yao. Tulipopata uhuru mwaka 2011, anga letu la juu liliendelea kuongozwa kutoka Khartoum kwa miaka mingi. Anga huongozwa na watu waliosoma: wahandisi wa redio, watabiri wa hewa, mafundi wa ndege, waongozaji. Aliyekosa kuruka aweza kulitumikia anga akiwa chini, wala si aibu.

Lakini mwenye kipaji cha sheria au uhasibu asijitese kwa uhandisi kwa kuwa tu ameambiwa ni wa marubani. Shahada iliyopatikana kwa shida na alama hafifu haitamlisha mtu ardhini wala kumsaidia angani. Na asome ile anayoiweza.

Kwenu mlio bado shuleni, mpango ni huu: shikeni hesabu, fizikia na Kiingereza, mkapimwe afya na daktari wa marubani kabla ya ada yoyote kulipwa, kisha someni shahada yenu karibu na nyumbani, kama katika Chuo Kikuu cha Juba, ili fedha nyingi ziwekwe kwa saa za kuruka, maana hizo hugharimu makumi ya maelfu ya dola.

Nanyi wahitimu wa zamani, ninyi ndio mnaoombwa ushauri na kuchangia ada. Kijana akija na fomu ya chuo, msimvunje moyo wala msimpe fedha kabla ya kuisoma. Kaeni naye, mhesabu pamoja saa, leseni na gharama. Kuuliza si ujinga, na swali la leo litawaokoa ng'ombe wa kesho.