Mhusika Hukulia Mezani

Michezo ya kuigiza wahusika mezani huchezwa kwa maneno, karatasi na dadu. Mchezaji mmoja husimamia kisa, na wengine kila mmoja hubeba mhusika wake na kusema anachofanya. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, iliyotolewa Marekani mwaka 1974, ndiyo iliyofungua njia. Humo mhusika alipewa sifa sita, kila moja kwa kurusha dadu tatu. Historia hakuwa nayo. Aliyeanza daraja la kwanza aliweza kufa kwa pigo moja, hivyo kumtungia ukoo mapema ilikuwa kazi bure.

Toleo la mchezo huo la mwaka 2014 lilimtaka mchezaji achague mapema tabia, maadili, mafungamano na dosari ya mhusika. Hilo humfaa mgeni asiyejua aanzie wapi. Shida huja mchezaji anapojaza kurasa kumi kabla ya kurusha dadu hata mara moja. Mhusika wa namna hiyo ameshajua anampenda nani na anamchukia nani. Wenzake wanabaki kuwa watazamaji wake.

Kanuni za michezo mingine ya aina hii humwachia mhusika nafasi ya kukua mchezoni. Katika RuneQuest ya mwaka 1978, aliyefaulu kutumia ujuzi huuwekea alama, kisha baadaye hurusha dadu kuona kama umepanda. Kadiri anavyokuwa hodari ndivyo kupanda kunavyokuwa kugumu. Dungeon Crawl Classics ya mwaka 2012 humpa kila mchezaji watu kadhaa wa kawaida, wakulima na mafundi. Wengi hufa katika safari ya kwanza, na anayesalia ndiye huwa shujaa, akiwa tayari na wenzake wa kuwalilia.

Tabia nayo hukua hivyo hivyo. Tuseme karatasi inasema tu kwamba huyu ni mlinzi wa msafara. Wenzake wanataka kumwacha mateka ili wakimbie, naye anakataa. Wakimuuliza sababu, mchezaji anajibu papo hapo: kaka yake aliachwa vivyo hivyo. Kaka huyo hakuwapo dakika moja kabla. Sasa yupo, kila mtu mezani anamjua, na msimamizi makini ataliandika jina lake ili amrudishe baadaye, pengine upande wa adui. Hapo ndipo penye utamu wote wa mchezo huu.

Kwa kikundi kinachoanza, sentensi mbili zinatosha: mhusika anatoka wapi, na kwa nini anasafiri na hawa. Mengine yaachwe yaulizwe mezani.