ALAMA YA X SI MALIPO!

Ukitoka Arusha mjini kwa kifodi kuelekea Namanga, raha ya njia nne inakwisha Sakina. Kuanzia hapo hadi Ngaramtoni ni kubanana tu: malori ya Kenya, mabasi, bodaboda na akina mama wa sokoni, wote wanagombea njia mbili. Hakuna mwenye akili timamu atakayepinga barabara hii kupanuliwa. Nasi hatupingi.

Tunachopinga ni ujanja. Njia nne za Sakina hadi Tengeru, kilometa 14.1, na barabara ya mchepuo kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, kilometa 42.4, zilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkopo huo analipa nani? Ni wewe kijana wa kibanda cha chipsi, kila unapokatwa kodi. Basi asije kigogo jukwaani akakwambia umefanyiwa hisani!

Sasa tupige hesabu. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaifanya mita 30. Aliyejenga kihalali ndani ya zile mita 7.5 za nyongeza hakuifuata barabara. Barabara ndiyo iliyomfuata. Huyo ana haki ya fidia. Ndiyo maana ukutani huchorwa X za rangi mbili: nyekundu huna chako, kijani utalipwa.

Lakini "utalipwa" lini? Mwenye nyumba yenye X haongezi chumba, wala hapati mnunuzi. Anakaa kama mfungwa anayesubiri hukumu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati. Kwa wakati si baada ya uchaguzi! Na mpangaji wa kibanda, ambaye jina lake halimo kwenye hati yoyote, aonyeshwe pa kwenda kabla hajafukuzwa.

Vijana wa Ngaramtoni, msingoje. Tafuteni futi kamba mpime. Wekeni hati za wazee wenu mahali salama. Simameni kwenye mikutano ya hadhara muulize, kila jibu liandikwe. Ulizeni leo, kwa sababu tingatinga likishaanza kunguruma halisikii hoja ya mtu.