Mashabiki wa Wanyika na deni wasilolitaja

Jua likishatua mjini Lodwar na mchanga ukaanza kupoa, watu hutoa viti nje ya maduka na mikahawa, na maongezi hunoga hadi usiku. Mojawapo ya mada zisizochujuka katika mabaraza hayo, hasa panapokutana walimu wa makamo na madereva wa malori yaendayo Lokichoggio, ni hii: Wanyika wa kweli walikuwa nani? Je, ni Simba Wanyika ya ndugu wa Tanga, au ni Les Wanyika iliyomeguka kutoka kwayo? Mmoja ataapa kwamba baada ya mwaka 1978 Simba Wanyika ilibaki ganda tupu. Mwenzake atamjibu kwamba nyumba ni ya aliyeijenga, si ya aliyeihama. Chai itapoa mezani na hakuna atakayekubali kushindwa.

Safu hii haina nia ya kuikata kesi hiyo. Tunachotaka kuuliza ni kama mapenzi makubwa namna hiyo kwa bendi ambayo haipo tena yana faida yoyote, na kama yanayo, ni nani anayefaidika.

Kwa ajili ya wanafunzi waliozaliwa santuri zikiwa zimekwisha kugeuzwa mapambo ya ukutani, yafaa tusimulie kwa ufupi. Wilson Peter Kinyonga na nduguye George Peter Kinyonga walianza kazi ya muziki mwaka 1966 katika bendi ya Jamhuri Jazz mjini Tanga. Mwaka 1970 walihamia Arusha na kuanzisha bendi ya Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakavuka mpaka na kuingia Kenya, ambako bendi yao ikapata jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 ukazuka mfarakano. Omar Shabani aliyepiga gitaa la ridhimu, ambaye mashabiki walimwita Profesa, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma waliondoka wakaunda Les Wanyika. Issa Juma na John Ngereza wakaleta sauti zao, na punde si punde wimbo wa Sina Makosa ukawa unaimbwa Afrika Mashariki nzima. Baadaye Issa Juma naye alijitenga na kuwa na Super Wanyika yake. George aliaga dunia mwaka 1992, Wilson akamfuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikanyamaza. Profesa Omar Shabani alifariki mwaka 1998.

Asidhani mtu kwamba ugomvi wa nani mwenye jina ni ulimbukeni wa vijiwe vya Lodwar. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kulizuka nchini Uingereza aina ya muziki iitwayo progresivu roki, muziki wa nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, uliomtaka msikilizaji akae chini atulie kama anayesikiliza utenzi. Bendi mojawapo, iitwayo Yes, ilianzishwa jijini London mwaka 1968 na Jon Anderson na Chris Squire. Mwaka 1972 ilitoa sahani ambayo upande wake mmoja mzima ulikuwa wimbo mmoja wa dakika zipatazo 18. Wanamuziki wakaingia na kutoka. Squire alifariki mwaka 2015, na kufikia mwaka 2017 kulikuwa na makundi mawili yanayozuru dunia, yote mawili yakitumia jina la Yes. Wazee wenye mvi, madaktari na wahasibu, waligombana juu ya lipi ni Yes halali kwa hamaki ileile tunayoiona kando ya Mto Turkwel.

Mfanano hauishii hapo. Santuri ndogo zilizotengenezwa Nairobi hazikuweza kubeba wimbo mzima wa Wanyika kwa upande mmoja. Wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Maneno yakikaribia kwisha na magitaa yakianza kuchachamaa, sahani inakwisha, na shabiki hana budi kunyanyuka aigeuze ndipo sebene liendelee. Aliyepata malezi hayo alijifunza subira. Alijua kwamba wimbo si kibwagizo tu. Kwamba baada ya mwimbaji kunyamaza bado kuna maongezi marefu baina ya solo, ridhimu na besi, na kwamba aliyezima kinanda kabla ya hapo hajausikia wimbo.

Na hapa ndipo tunapotaka walimu watusikilize. Shabiki mzuri wa Wanyika ni msomi ambaye hakupewa cheti. Atakutofautishia gitaa la Omar Shabani na la mtu mwingine yeyote kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Atakwambia ni nani aliyeitikia, ni nani aliyekuwa amekwisha kuondoka, na wimbo upi ulijibu kejeli ya wimbo upi. Hakuna aliyemwamuru ajifunze hayo wala hakutahiniwa. Wengi wa wazee hao hapa Turkana walisikia nyimbo hizo katika Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Kenya, ambayo tangu mwaka 1989 ni KBC, kwa redio za betri. Na betri zilipochoka zilianikwa juani zikapata uhai wa jioni moja zaidi. (Jua, angalau, halijawahi kuwa adimu huku.) Kwa baadhi yao, Kiswahili sanifu cha kitabuni kilikuja baadaye. Kiswahili cha kwanza kilichowaingia moyoni ni kile cha vijana wa Tanga wakilalamikia wachumba na marafiki wasio waaminifu.

Sasa tazama darasani. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hukariri hatua za ukusanyaji wa data nyanjani: maandalizi, mahojiano, kurekodi, kuhifadhi. Anajua faida za kinasasauti na hasara zake. Ataziandika katika karatasi ya mtihani na kupata alama zote. Lakini katika miaka yake minne ya sekondari hajawahi kumhoji mtu hata mmoja, ilhali ng'ambo ya uzio wa shule ameketi mzee mwenye historia nzima ya bendi kichwani, na mfukoni mwa mwanafunzi mwenyewe, shule zikifungwa, mna simu inayorekodi. Mzee huyo akiondoka, ataondoka nayo. Sanduku lake la santuri litauzwa kwa kilo au litaachwa stoo lipindwe na joto.

Hatusemi haya ili kuwasifu mashabiki pasipo kuwakemea. Wana kasoro, na ya kwanza ni kiburi. Kijana akiwasha wimbo wake wa siku hizi, shabiki wa zamani husonya na kutamka kwamba muziki ulikufa pamoja na Wilson Peter. Hawezi kujifanya mlinzi wa urithi anayewafukuza warithi. Lakini hiyo ni kasoro ndogo. Kubwa ni deni.

Tuseme waziwazi. Wengi wanaodai kuwapenda Wanyika hawajawahi kuwalipa hata senti. Enzi za kanda, mtu mmoja alinunua kanda halisi na mtaa mzima ukanakili. Leo ni mwepesi zaidi: unampelekea kijana wa kibanda cha simu flashi yako, unamlipa yeye kwa taabu ya kujaza, na unaondoka na kazi zote za bendi tatu. Aliyetunga, aliyepiga na aliyeimba hawamo katika biashara hiyo. Tunafahamu udhuru unaotolewa: wenyewe wamekwisha kufa. Udhuru huo ni batili. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki katika utungo wa muziki hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Tungo za George Peter zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2042, na za Wilson hadi mwisho wa mwaka 2045. Mwanafunzi anayesoma makala haya akiwa kidato cha tatu atakuwa mtu mzima mwenye watoto, na bado tungo hizo zitakuwa mali ya mtu.

Hatutarajii mzee wa Lodwar afunge safari ya kuwatafuta warithi mjini Tanga. Ila anayeweza kubishana saa nne juu ya nani alipiga besi, kisha asijiulize hata dakika moja mpiga besi huyo alikula nini, mapenzi yake yana walakini.

Tuje kwenye jambo zito zaidi. Wanyika walikuwa wageni nchini Kenya. Tunalisahau hilo kwa kuwa lugha yao ni yetu. Katika miaka ya 1980 wanamuziki wengi kutoka Tanzania na Kongo waliofanya kazi Nairobi walihangaishwa na suala la vibali vya kazi, na zipo bendi zilizoyumba kwa ajili hiyo. Muziki tunaouita wetu, ule wa zilizopendwa unaotutoa machozi, kwa sehemu kubwa ulipigwa na watu ambao karatasi zao zilikaguliwa kila mara.

Kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar ipo Kakuma. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, na kwa sadfa huo ndio mwaka alioaga George Peter. Wamekuja watu wa Sudan Kusini, Somalia, Burundi, Ethiopia, na wamekuja Wakongo. Nchi zote mbili za Kongo ndizo zilizoipeleka rumba UNESCO, ikaandikwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi Desemba 2021. Pita Jumapili karibu na makanisa ya Wakongo pale kambini usikilize magitaa. Utasikia vidole vilivyolelewa katika ukoo uleule wa muziki uliowalea Wanyika: solo ikiuliza, ridhimu ikijibu, besi ikitembea chini kwa chini. Vijana hao wanaongea Kiswahili, cha kwao cha mashariki ya Kongo, kama vile Wilson na George walivyokuja na Kiswahili chao cha Tanga.

Je, shabiki wetu wa Lodwar anawajua? Anajua mpangilio wa magitaa katika wimbo uliorekodiwa miaka mingi iliyopita, lakini mpiga gitaa aliye mwendo wa saa chache kutoka kwake humwita mkimbizi na kuishia hapo. Naye mkimbizi, kwa miaka mingi, hakuruhusiwa kutoka kambini pasipo kibali cha safari. Hata kama angealikwa Lodwar kupiga usiku mmoja, ingemlazimu kwanza kuomba karatasi.

Watu wa Turkana, kuliko Wakenya wengi, wanapaswa kuuelewa uchungu wa karatasi. Chini ya Mwingereza eneo hili lilikuwa wilaya iliyofungwa; hakuingia mtu wala kutoka bila ruhusa. Ni kwa sababu ya kufungwa huko na umbali wake ndiyo maana serikali ya kikoloni iliona Lodwar panafaa kumzuilia Jomo Kenyatta, kuanzia mwaka 1959 hadi 1961. Hata baada ya uhuru wazee waliendelea kusema wanasafiri kwenda Kenya walipokuwa wanakwenda Kitale tu. Jamii iliyowahi kuwa mgeni katika nchi yake haina udhuru wa kutomwona mgeni mwenye gitaa.

Wako watakaosema tunachanganya mambo, kwamba kupenda bendi ni burudani na suala la wakimbizi ni la serikali. Huenda. Lakini sisi hatukusema kwamba ushabiki ni burudani tupu. Mashabiki wenyewe ndio wanaosema kuwa Wanyika ni maisha yao. Nasi tumewachukua kwa neno lao.

Kaunti ya Turkana ina tamasha lake la utamaduni na utalii, Tobong'u Lore, linalofanyika mjini Lodwar, na maana ya jina hilo ni karibu tena nyumbani. Linawakusanya jamii za Turkana na jirani zao wa mipakani. Tungependa kuona jukwaa lake likipewa usiku mmoja wa magitaa ya Kakuma, vibali vikiwa vimeshughulikiwa mapema na wenye mamlaka, na wapigaji wakilipwa ujira uliotajwa kabla hawajapanda jukwaani. Wazee wa Wanyika wapewe viti vya mbele. Watajua baada ya wimbo mmoja kama ridhimu ni ya kweli.

Kwa upande wa shule hakuhitajiki fedha wala waraka wa wizara. Mwalimu wa Kiswahili achague wanafunzi wanne au watano muhula huu, awatume kwa shabiki mmoja wa karibu, wakiwa na daftari na simu ya mwalimu mwenyewe. Wamwombe ruhusa kwanza. Wamuulize wimbo wa kwanza wa Wanyika aliusikia wapi, redio ilikuwa ya nani, na ni maneno gani ya Kiswahili aliyoyapata humo ambayo hakuwa nayo. Waandike majibu kama yalivyotamkwa, pamoja na Kiturkana kilichochanganyika ndani yake, kisha nakala moja ibaki katika maktaba ya shule. Ubishi wa Simba na Les waache uendelee usiku, viti vikiwa nje.