Dada yangu, altrasaundi haimpiki mtoto

Wiki iliyopita nilikuwa Idodi kwa dada yangu, kumpongeza kwa wajukuu wawili waliozaliwa pamoja. Furaha ilikuwa kubwa, lakini nusura iwe msiba, na ndiyo sababu ya safu hii.

Mkwe wake alipata ujauzito msimu wa kupandikiza mpunga. Kliniki wakamwambia akapige altrasaundi. Dada akakataa. Zamani alifanya kazi ya jikoni katika hoteli ya watalii kwenye njia ya kwenda Ruaha, akaona maikrowevu inavyochemsha maji bila moto. "Hiyo mashine ya kumulika tumbo ni ndugu yake ile," akasema. "Itampika mjukuu wangu." Mwanawe akanyamaza, maana mama akishasema amesema.

Miezi saba ikapita. Tumbo lilipozidi kuwa kubwa ndipo alipopelekwa, akakutwa na mapacha, wa kwanza amelala kwa ubavu. Ikabidi ahamie kwa ndugu mjini Iringa, karibu na hospitali, na huko akajifungua kwa upasuaji. Fikiria uchungu ungemkuta usiku wa manane nyumbani, hakuna ajuaye kilichomo tumboni.

Nilimweleza dada hivi: maikrowevu hutumia mawimbi ya jamii moja na ya redio, yenye nguvu kubwa, yanayotikisa maji yaliyomo kwenye chakula hadi yapate moto. Altrasaundi ni sauti tu, nyembamba mno kwa sikio la binadamu. Ukiita mbele ya mwamba, sauti hukurudia. Mtaalamu hupaka jeli tumboni ili hewa isizuie sauti, kisha mashine husikiliza mwangwi unaorudi na kuuchora picha. Haina mionzi kama eksirei. Imepima wajawazito kwa zaidi ya miaka 60, na haijaonekana kudhuru watoto inapotumiwa na mtaalamu kwa sababu ya kitabibu.

Hata asili zao ni mbalimbali. Maikrowevu ilitokana na rada za Vita Kuu ya Pili. Percy Spencer, fundi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, aliomba hataza ya kupikia kwa mawimbi hayo mwaka 1945, akapewa mwaka 1950. Mawimbi hayohayo leo husukuma mashine za kutibu saratani kwa mionzi, kama zile za Ocean Road, Dar es Salaam. Altrasaundi ya wajawazito ilianzia Glasgow, Uingereza. Daktari Ian Donald alijaribu mashine ya kiwandani iliyotafuta nyufa ndani ya chuma, na mwaka 1958 yeye na wenzake wakachapisha picha za watoto wakiwa tumboni.

Hataza ni haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Hapa kwetu husajiliwa BRELA. Siku hizi kwa kawaida hudumu miaka 20, kisha ujuzi huo huwa wa watu wote. Ndiyo maana viwanda vingi vinatengeneza altrasaundi, na zipo ndogo za kushika mkononi zinazounganishwa na simu. Ujuzi ule wa mwanzo hauna mwenyewe tena. Kinachomzuia mama wa kijijini ni nauli, na wakati mwingine ni sisi wa nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe altrasaundi mara moja kabla ya wiki 24. Wakati huo tarehe ya kujifungua hukadiriwa vizuri zaidi, na mapacha hujulikana mapema, familia ikapata nafasi ya kujipanga.

Baba, anza kuweka nauli mkeo anapoanza kliniki. Mama mkwe, ukiwa na hofu, fuatana naye ukamuulize mtaalamu. Dada yangu sasa anawabeba wajukuu wote wawili, na mwenyewe ndiye anayewaambia majirani wawapeleke wakwe zao.

Tukutane wiki ijayo.