Mchumba Rubani, Mkopo Wako

Dada mmoja wa Mpanda kaniandikia. Ni mtumishi wa halmashauri, na mchumba wake ni rubani. Kabla hamjaanza kumwonea wivu, sikilizeni. Kaka ana leseni ya biashara aliyoipata Afrika Kusini, ana saa 230 za kuruka, na huu ni mwaka wa pili yupo kwao Dar anasubiri kuitwa kazini. Sasa kaona njia ya mkato: bibie achukue mkopo wa mshahara, yeye akasomee kurusha Boeing 737, akirudi wafunge ndoa. "Anti, si wanasema dunia nzima marubani hawatoshi? Nikope?"

Hawatoshi kweli, mdogo wangu. Boeing wenyewe wanakadiria kuwa katika miaka 20 ijayo dunia itahitaji marubani wapya zaidi ya laki 6. Corona ya mwaka 2020 iliwastaafisha wengi mapema, na abiria waliporudi, mashirika yakabaki yanagombania waliopo. Ghuba wana mishahara isiyokatwa kodi, wanatoa nyumba, wanalipa ada za watoto. Kapteni wa Afrika Mashariki akikomaa tu, anapakia begi. Hapa nyumbani nako ATCL ilifufuka Septemba 2016 kwa Bombardier Q400 mbili, ikaleta Dreamliner Julai 2018, na Airbus A220 ya kwanza Desemba mwaka huo huo. Na ndege moja haiendeshwi na marubani wawili tu. Ina zamu, likizo, mitihani ya kila mara.

Ila jiulize, uhaba ni wa nani? Anayetafutwa ni kapteni mwenye maelfu ya saa, sio kijana wa saa 230. Leseni ya biashara unaipata kwa saa 200 hivi. Ile ya juu, inayokupa ukapteni wa ndege kubwa ya abiria, inadai saa 1,500. Katikati hapo ndipo vijana wanapokwama. Ni yale yale ya matangazo yetu ya kazi: wanataka uzoefu, na hakuna anayekupa pa kuupatia.

Hiyo kozi anayoililia marubani wanaiita taipu retingi, yaani ruhusa ya kurusha aina moja ya ndege. Ya 737 inaweza kula dola 20,000 na zaidi. Shirika likikuhitaji, mara nyingi linakulipia lenyewe, kisha linakufunga mkataba ulitumikie miaka kadhaa. Ukijilipia bila barua ya ajira mkononi, unarudi nyumbani unaijua simuleta tu, ndege ya kurusha huna, na ruhusa yenyewe usipoihuisha kwa mtihani inakwisha muda. Hata walio kazini hawana uhakika. Fastjet ilisimama Desemba 2018, watu wakabaki na sare kabatini. Mwaka 2022 Airbus za ATCL zilikaa chini kwa matatizo ya injini, yale yale yaliyowasumbua wenzao ng'ambo.

Wewe je? Makato yakipita unabakiwa na theluthi ya mshahara kwa miaka mingi, na hamjaoana. Mkopo una jina lako, leseni ina jina lake. Mimi nasema usikope.

Mwulize kwanza kama yuko tayari kurusha Cessna Caravan. Ni injini moja, abiria kumi na wawili hivi, viwanja vya vumbi, na swala wa kufukuzwa kabla hujatua. Wengi waliovaa mistari minne mabegani walianzia huko, maana safari ni fupi na nyingi, unatua mara kadhaa kwa siku, na saa zinajaa. Mshahara wa kuanzia sio wa kujengea ghorofa Mbezi, hilo nisikufiche. Lakini analipwa huku anaongeza saa, badala ya wewe kumlipia. Kama anaona aibu kuonekana kwenye kindege kidogo baada ya kuwaambia washkaji habari za Boeing, hapo una jambo jingine la kufikiria, tena zito kuliko mkopo. Ukitaka kumshika mkono, mchangie cheti cha afya cha rubani, ambacho hakikwepeki na huhuishwa kila mwaka, au nauli ya kwenda kubisha hodi Arusha, kwenye kampuni za ndege za watalii.

Na akipata, jiandae. Msimu wa kiangazi ndege hizo hutua Ikuu, ndani ya Hifadhi ya Katavi, hapo hapo mkoani kwako. Usije ukadhani utapika wali umsubiri. Anashusha wageni, anapakia wengine, anapaa kwenda Mahale. Wewe ukitoka Mpanda kwa gari, hujafika hata Sitalike yeye yuko juu ya Ziwa Tanganyika. Mahesabu ya kuonana mtayapanga kwa ratiba yake ya zamu, na hilo ningependa mliongee kabla washenga hawajaja kwenu.