Kinga Nayo Ina Kirangozi

Shuleni twafundisha kwamba chembe nyeupe za damu ni askari. Somo hilo ni nusu tu. Katika misafara ya karne ya 19 iliyopitia Tabora, wapagazi hawakuruhusiwa kumtangulia kirangozi. Mwendo ulikuwa wake. Mwilini kazi ya kuzuia hufanywa na chembe T dhibiti, alizozieleza Shimon Sakaguchi mwaka 1995. Mtoto mchanga wa kiume ambaye jeni yake ya FOXP3 ni mbovu hukosa kizuizi hicho. Kinga yake yaweza kulishambulia kongosho, naye akapata kisukari. Kwa hiyo mwanafunzi akisikia dawa ikisifiwa kwamba “huongeza kinga”, mwalimu amzoeze kuuliza: ipi, na kwa kiasi gani?